Bendera safarini: jinsi ya kuivaa na kuiweka kwenye valizi unapotoka Lubumbashi

Wasafiri wengi wa Lubumbashi hupenda kuondoka na bendera: kiraka kwenye mkono wa koti, stika kwenye valizi, skafu shingoni, kofia yenye nyota. Mimi niko upande wao. Mtu anayetoka nchi kubwa kama yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hana sababu ya kutembea ugenini kama asiye na kwao. Ila bendera husema kabla ya mwenyewe kusema. Afisa wa uhamiaji, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, kijana aliyesimama kituo cha basi Johannesburg, wote wanaisoma kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo kabla hujashona wala kubandika, amua unataka iseme wapi na inyamaze wapi. Ushauri wangu mkubwa ni huu: iwe bendera sahihi, iwe ndogo, na iwe ya kuvulika.

Hatua ya 1: Hakikisha ni bendera yenyewe

Kifungu cha 1 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinaieleza wazi: rangi ya samawati, nyota ya njano kwenye pembe ya juu kushoto, na mkanda mwekundu unaokatiza kwa mshazari, umezungushiwa ukingo mwembamba wa njano. Samawati ni amani, nyekundu ni damu ya mashujaa waliokufa kwa ajili ya nchi, njano ni utajiri, nyota ni mustakabali. Urefu kwa upana wake ni 4 kwa 3, yaani inakaribia mraba kuliko bendera nyingi. Kiraka cha sentimita 8 kwa 6 kina umbo sahihi. Vingi vinavyouzwa vimevutwa vikawa virefu, na mkanda mwekundu unalala kuliko inavyotakiwa. Ukiweza kuchagua, chagua chenye umbo lake.

Angalia na rangi. Ikiwa buluu imekolea sana, huenda unashika bendera ya kati ya 1966 na 1971, ambayo ilifanana na ya leo lakini ilikuwa na giza zaidi. Ukiona nyota kubwa katikati na nyota ndogo sita zimepangwa upande wa mlingoti, hiyo ni ya 1997 hadi 2006. Ukiona kijani na mkono ulioshika mwenge ndani ya duara la njano, hiyo ni Zaire, 1971 hadi 1997. Jezi ya kijani ya Leopards wa 1974, wale waliocheza Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, ni nguo nzuri na vijana wa leo wanaipenda. Ivae kama kumbukumbu. Lakini usitegemee mtu wa kaunta ya mizigo kule Guangzhou aitazame ajue wewe ni wa nchi gani.

Halafu kuna Congo nyingine. Bendera ya Brazzaville ni kijani, mshazari wa njano, na nyekundu. Ukiagiza viraka kwenye intaneti ukaandika "Congo" peke yake, umejiweka katika bahati nasibu. Andika COD, herufi tatu zilizo kwenye pasipoti yako. Za Brazzaville ni COG. Usitumie CGO. Kwenye magari herufi hizo ni zetu, lakini kwenye mpira na Olimpiki ni za Brazzaville, na muuzaji hajui wewe unamaanisha kipi. Omba picha ya kitu chenyewe kabla ya kulipa.

Tuseme pia jambo la hapa kwetu, maana kulinyamazia si kumsaidia msafiri. Ile bendera ya Katanga, yenye misalaba mitatu ya shaba, ya wakati wa kujitenga kuanzia tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963, kuna familia zinaitunza kama kumbukumbu ya mababu. Najua uzito wake kwa wazee. Lakini Machi 2013 wanamgambo wa Kata Katanga waliingia Lubumbashi nayo, watu wakafa, na tangu hapo askari akiikuta haoni kumbukumbu, anaona uasi. Usiiweke kwenye koti, usiiweke kwenye valizi, usiwe nayo hata kama stika ndani ya kifuniko cha kompyuta unapopita uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa. Msalaba wa shaba peke yake, kama kidani au sanamu ya ukumbusho, ni jambo tofauti. Huo ni kazi ya mikono ya kwetu na watu wanaununua kila siku.

Hatua ya 2: Kwa fundi

Kabla ya kushona kiraka chochote, kijaribu rangi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kisugue juu ya ule mkanda mwekundu mara kadhaa. Kitambaa kikitoka na wekundu, kiraka hicho kitachuja siku ya kwanza ya kufuliwa: nyekundu itaingia kwenye samawati, njano ya ukingo itakuwa rangi ya chungwa, na shati lako jeupe litapata doa lisilotoka. Kiloweke kwanza katika maji baridi yenye chumvi, kikaushe kivulini, kijaribu tena. Kikiendelea kuchuja, kirudishe ulikokinunua.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kushona bendera kichwa chini. Na bendera yetu inadanganya hapo. Ukiigeuza juu chini, mkanda mwekundu unabaki vilevile, unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia kama kawaida. Ni nyota tu inayohama, inashuka chini kulia. Fundi mwenye haraka anatazama mkanda, anaona uko sawa, anapiga cherehani. Kwa hiyo usimwachie kitambaa ukaondoka. Mwambie kwa heshima: "Papa fundi, nyota ikae juu, kushoto kwa mtu anayenitazama." Kisha subiri aweke pini, uone kwa macho yako, ndipo aanze.

Kuna pia viraka vilivyochapwa kinyume, nyota ikiwa juu kulia na mkanda ukipanda kuelekea kushoto. Si lazima iwe kosa. Bendera ikitazamwa kwa nyuma huonekana hivyo, na jeshi la Marekani kwa mfano huvaa bendera yao namna hiyo kwenye mkono wa kulia ili upande wa mlingoti utangulie mbele mtu anapotembea. Kwa msafiri wa kawaida, mkono wa kushoto unaondoa maswali yote: nyota inakuwa juu, na inaelekea mbele. Kifua cha kushoto pia ni mahali pazuri, na mbele ya kofia. Usiiweke makalioni, kwenye soksi, kwenye viatu, wala kwenye kaptura. Sisemi hivyo kwa kuogopa sheria tu. Mama mzee akikuona umekalia bendera, ataumia, na ana haki.

Sasa kuhusu kuvulika. Mwambie fundi ashone velkro: upande laini kwenye nguo, upande wenye meno nyuma ya kiraka. Ashone, asigundishe, kwa sababu gundi inayeyuka kwenye joto na kiraka kitabaki kwenye kiti cha basi. Kazi hii haichukui muda, na itakuokoa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Kwa mtu asiyetaka velkro, pini ndogo ya chuma ya kwenye kola inatosha. Ivue tu kabla ya mashine ya ukaguzi.

Kwa valizi ya kitambaa, mwache fundi cherehani, nenda kwa fundi viatu. Yeye ndiye mwenye sindano nene na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Valizi iwe tupu, ashone juu ya mfuko wa mbele tu, asitoboe hadi kwenye bitana ya ndani, maana kila tundu ni njia ya maji mvua inapokuta mizigo nje. Apime valizi ikiwa imesimama wima juu ya magurudumu, si imelala, ili nyota ikae juu unapoiburuta. Kwa valizi ngumu ya plastiki, stika: futa vumbi, futa kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, bandika kutoka katikati ukisukuma hewa nje. Epuka pembe za valizi. Pembe ndizo zinazogonga kila kitu.

Hatua ya 3: Valizi ijulikane, isitegemee bendera peke yake

Bendera inasaidia sana unapokwenda, na inasaidia kidogo unaporudi. Ukisubiri mzigo Dubai au Mumbai, valizi nyeusi zinapita kwa mamia na yako ndiyo yenye nyota ya njano. Unaiona kutoka mbali. Ukishuka Luano, nusu ya valizi zina nyota hiyo hiyo, na hapo ndipo mtu anapobeba ya mwenzake akafika nayo Katuba kabla ya kugundua. Kwa hiyo ongeza alama yako binafsi: utepe wa gundi wa rangi mbili uliokatiza pembe moja, au herufi mbili za jina zilizoandikwa kwa rangi nene pande zote mbili. Alama ambayo jirani yako hawezi kuwa nayo.

Usifunge kitambaa cha bendera wala tepe ndefu kwenye mshikio. Inaonekana vizuri kwenye picha, lakini inanasa kwenye mikanda ya mizigo, na mzigo ukishindwa kusomwa na mashine unatolewa pembeni kushughulikiwa kwa mikono. Ndege haikusubiri. Kwa sababu hiyo hiyo, ng'oa lebo zote za safari zilizopita, pamoja na zile stika ndogo za mistari zinazobaki ubavuni. Mashine ikisoma ya zamani, mzigo wako unaweza kupelekwa kusikotakiwa.

Unapokabidhi mzigo, soma lebo mpya kabla haijaondoka mbele yako. Herufi tatu kubwa ni uwanja wa mwisho: Lubumbashi ni FBM, Kinshasa ni FIH, Nairobi ni NBO, Addis Ababa ni ADD, Johannesburg ni JNB. Kama unaenda Mumbai kupitia Addis na lebo inaishia ADD, sema hapo hapo. Tunza kipande chako cha risiti. Piga picha ya valizi, bendera na ile alama yako zikionekana, kwa sababu mzigo ukichelewa watakuonyesha karatasi yenye michoro ya masanduku uchague linalofanana na lako, na "nyeusi, ya kati" haimsaidii mtu yeyote. Nje andika jina na namba ya simu yenye msimbo wa nchi, +243. Anwani ya nyumbani usiiandike nje. Atakayesoma anajua kuwa nyumba haina mwenyewe. Ndani, juu kabisa ya nguo, weka karatasi yenye jina, simu na unakofikia.

Kama unabeba bendera kubwa ya kitambaa kwa ajili ya sherehe au mechi, ikunje uiweke kwenye begi la mkononi. Mti wake upeleke kwenye mzigo wa chini. Fimbo ndefu mkononi inaweza kukataliwa kwenye ukaguzi, na utaiacha hapo.

Hatua ya 4: Jua unakwenda wapi

Njia ya Kasumbalesa ndiyo ya wengi wetu: Kitwe, Ndola, Lusaka, na wengine wanaendelea hadi Johannesburg. Zambia hairuhusu raia kuvaa nguo za mabakamabaka ya kijeshi, na Zimbabwe vilevile. Tatizo la wasafiri wetu huwa hapo: kijana ana jaketi la mabakamabaka, ameshona bendera ya Congo begani, anaona amependeza. Afisa wa Zambia anaona mwanajeshi wa nchi jirani anavuka mpaka bila ruhusa. Kofia na mkoba wa rangi hiyo pia viache nyumbani.

Hata bila mabaka, chunguza mitumba. Makoti mazito ya rangi ya kijani yanayotoka Ulaya mara nyingi ni ya jeshi la Ujerumani, na juu ya mikono yana vibendera vidogo vya nyeusi, nyekundu na njano, pengine hata nafasi ya jina kifuani. Koti ni zuri kwa baridi ya Johannesburg mwezi wa Juni. Fumua vile vibendera kwa wembe kabla ya safari, uzi mmoja mmoja, uvute mabaki kwa kibano. Kuvaa bendera ya jeshi la watu wengine mpakani ni kualika maswali ambayo huna majibu yake.

Afrika Kusini, ningekushauri uivue mtaani. Mashambulizi dhidi ya wageni mwaka 2008, yaliyoua zaidi ya watu 60, na yale ya 2019, yaliwalenga watu kwa kutambuliwa kuwa si wa hapo. Kanisani na kwenye sherehe za Wakongo ivae kwa raha zako. Kwenye teksi za watu wengi na kwenye foleni, iweke mfukoni. Ndiyo maana nilisema velkro.

India wanakwenda wagonjwa wetu wengi na wanafunzi. Huko bendera yako haina shida; angalia ya kwao. Sheria yao ya 1971 ya kulinda heshima ya alama za taifa, iliyorekebishwa 2005, inakataza kuvaa bendera ya India chini ya kiuno, na kuitia kwenye leso, mito au nguo za ndani. Zawadi utakazonunua sokoni zitazame kwa jicho hilo. Saudi Arabia ni zaidi ya hapo: bendera yao ina shahada, maneno matakatifu. Mwaka 2007 wanajeshi wa Marekani walipogawa mipira yenye bendera za nchi mbalimbali Afghanistan, ya Saudi ikiwemo, watu waliandamana kwa hasira, kwa sababu maneno hayo hayapigwi teke. Usiiweke kwenye begi linaloburutwa sakafuni.

Ubelgiji ni kwepesi. Matonge, pale Ixelles mjini Brussels, bendera yako itakupatia salamu na pengine mtu wa kukuelekeza. Ila ukiwa Ulaya epuka kuvaa bendera za vita vya wengine kama pambo. Fulana yenye bendera ya Urusi, ambazo zimeonekana kwenye maandamano ya nyumbani, huko ina maana nyingine kabisa. Mei 2022 polisi wa Berlin walizuia bendera za Urusi na za Ukraine pia kwenye maeneo ya kumbukumbu siku za maadhimisho ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Na ukipitia nchi ambayo serikali yake na yetu hazielewani kwa wakati huo, hata kama ni kubadilisha ndege tu, funga jaketi juu ya kiraka upite.

Hatua ya 5: Afisa akiuliza

Vua kwanza, jibu baadaye. "Ni bendera ya nchi yangu, mkubwa, naivaa kwa kuipenda" inatosha. Usianze hotuba ya siasa, usimwambie ameitukana nchi. Bendera haiongezi haki yoyote juu ya pasipoti na viza. Akisema iingie mfukoni, iingie mfukoni ikiwa imekunjwa, si imefinyangwa.

Hatua ya 6: Siku ya mechi

Siku hiyo kanuni ya udogo inalala. Jivike. Kwenye CAN 2025, Kombe la Mataifa ya Afrika kule Moroko, shabiki wetu mmoja alisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono wa kulia umeinuliwa, suti ya rangi za bendera, kama sanamu ya Lumumba, na Afrika yote ikamwona. Hakuandika neno lolote juu ya bendera. Nataka uige hilo. Usiandike kauli juu ya kitambaa cha bendera, hata kama ni kauli ya kweli na inayouma. Wakaguzi wa uwanja wataisoma kama ujumbe wa siasa, wataichukua, na utakuwa umebaki bila bendera na bila kauli. Ujumbe uandike kwenye kitambaa kingine. Ukiwa na skafu nyeusi na nyeupe ya Mazembe, ivae pamoja na bendera. Wageni wengi wanaikumbuka timu iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu Abu Dhabi mwaka 2010 kuliko wanavyoikumbuka ramani yetu.

Hatua ya 7: Mkisafiri kundi

Kwaya, timu, au wafanyabiashara wanaokwenda pamoja hupenda stika za bendera zinazofanana kwenye mizigo yote. Fanyeni hivyo, lakini kila stika iwe na namba chini ya bendera, si juu yake: 1, 2, 3 hadi mzigo wa mwisho. Mmoja wenu, ikiwezekana mama mwenye sauti na daftari, aandike namba, jina la mwenye mzigo na namba ya lebo ya ndege. Mkishuka, mtu asiondoke na valizi kwa kuona nyota. Aitwe kwa namba, daftari lipigwe alama. Namba ikikosekana, mnakwenda wote pamoja kaunta ya mizigo kuandikisha kabla hamjatoka mlangoni, kwa sababu ukishatoka nje ni vigumu kurudi ndani.